Mama Alitaka Wateja

Harufu ya sufi mbichi ikiguswa na pasi ya moto hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine harufu za utotoni huwalegeza, huwakumbusha bibi na uji wenye iliki. Mimi hunikumbusha mwalimu wangu wa darasa la tano. Nikipita mlangoni kwa dobi hapa Stockholm, mvuke ukinipiga puani, najikuta nimekunja uso kabla sijajua kwa nini. Mume wangu amezoea. Huniuliza tu, “Fröken tena?” Namjibu, “Fröken tena,” na tunaendelea na safari yetu.

Niwaeleze, maana nimekaa nalo muda mrefu na kila ninayemsimulia huniambia mbona jambo lenyewe dogo. Dogo! Mnisikilize kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Baba alikuja Sweden mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea mitambo, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Mama alimfuata kutoka Tanga akiwa na mimi mgongoni. Tulihama hama vyumba vya watu mpaka tulipopata nyumba yetu Akalla, wakati treni ya chini ya ardhi imefika pale juzi juzi tu na maghorofa bado yananuka rangi. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nyumbani Mama akinisemesha Kiswahili mimi nilimjibu Kiswidi, naye akijifanya hajasikia mpaka nirudie kwa lugha ya watu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo kila mtu katika kisa hiki alilokataa kulisikia. Alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa na cherehani barazani kule Ngamiani, na katika ukoo mzima hakuna aliyekata kanzu ikakaa mabegani kama alivyokata Mama. Lakini alipofika Stockholm alipewa ufagio. Alisafisha korido za hospitali miaka mingi, akajifunza Kiswidi cha korido: samahani, pana maji, angalia usiteleze. Kila mwezi alikuwa akiweka akiba kidogo, na mwaka ule tuliohamia Akalla akakodi chumba pale centrum, kwenye maduka ya mtaa wetu, kati ya duka la maua na ngazi za kushukia kwenye treni. Chumba chembamba, dirisha moja, cherehani mbili, pasi ya mvuke na kioo kirefu. Ukutani alibandika bei kwa mwandiko wa Baba: kubadili zipu, kupunguza suruali, kugeuza kola, kutia bitana.

Wenye jengo walimpa chumba kile kwa majaribio, mpaka majira ya kuchipua. Biashara ikionekana inakwenda, atapewa mkataba wa kudumu. Isipokwenda, atarudisha funguo. Na ilikuwa haiendi. Wateja wake walikuwa Waafrika wenzetu waliotaka suti za harusi na vitenge vya sikukuu, nao hawakutosha kujaza juma. Waswidi walipita, wakachungulia dirishani, wakatabasamu kwa adabu na kwenda zao. Mama alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu vya theluji mlangoni na kusema, “Leo nimetabasamiwa sana.” Akisema hivyo, sote tulijua hajashona kitu.

Sasa ndipo shule ikaingia. Mwalimu wetu tulimwita Fröken, kama watoto wote wa huko walivyowaita walimu wao wa kike. Alikuwa mwembamba, mwenye shanga za mbao shingoni, mpole mno, tena mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. Siku moja akatangaza kwamba darasa zima litajifunza biashara za mtaa wetu. Kila kundi litachagua duka, litamhoji mwenyewe, litachora bango, na mabango yatatundikwa maktaba ya centrum wazazi na majirani waje kuyasoma. Nikanyoosha mkono nikaomba duka la mikate. Sababu yangu mnaijua. Fröken akaniinamia akasema, “Zuhura, wewe nimekuwekea kitu maalumu. Wewe na Annika mtatuletea biashara za Waafrika.”

Nilinuna mpaka mapumziko. Lakini Mama nilipomwambia, alisimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi, uso umemkunjuka. “Maktaba?” akauliza. “Pale wanapopita watu wote? Baba Zuhura, umesikia? Mtoto ananitangazia biashara na wala sijalipa!” Akaniketisha palepale akaanza kunifunza ya kuandika: zipu hubadilishwa kwa siku tatu, suruali ya kupunguza ukiileta asubuhi unaichukua jioni, kazi isiyokupendeza inarudiwa bure. Akaniambia niandike hilo la mwisho kwa herufi kubwa. Nilianza kuipenda kazi ile. Nikaona kumbe mkate si kitu.

Basi Annika na mimi tukaenda dukani kumhoji Mama. Annika alikuwa rafiki yangu, mtoto mwenye mafua ya kudumu, na alikuja na maswali aliyoandikiwa na Fröken. La kwanza: unakumbuka nini zaidi kutoka Afrika? Mama akajibu kwamba kule vifungo vya mfupa vilipatikana kirahisi, hapa vyote plastiki. La pili: watoto wa Afrika wanavaa nini? Mama akamtazama Annika, akanitazama mimi, akajibu, “Nguo.” Kisha akalichukua koti lake Annika bila kuomba, akaligeuza, akamwonyesha jinsi bitana ilivyovutwa na kiwanda, akamweleza kwa mikono na Kiswidi chake cha korido namna inavyotakiwa kukaa. Annika alivutiwa kweli. Aliandika maneno mengi kuhusu bitana. Fröken alipoyasoma alisema ni mazuri, lakini je, hatukupata kitu kuhusu Afrika?

Biashara ya pili ilikuwa ya Bwana Kizito, Mganda aliyekimbia wanajeshi wa kwao, akatua Akalla na bisibisi zake. Alitengeneza redio katika chumba nyuma ya duka la baiskeli, na Jumamosi alinyoa vichwa vya Waafrika wote wa Järva, upande wetu ule wa mji. Huyu tulipomfikishia maswali ya Fröken, aliyasoma kimya, akakohoa, kisha akatusimulia jinsi alivyokuwa akienda shule huku simba wakimfuata. Bwana Kizito! Mzaliwa wa Kampala mjini, simba alimwona kwenye picha kama mimi nilivyomwona. Annika alijaza karatasi tatu.

Mama alimkuta kesho yake akamkaripia. “Bwana Kizito, huna haya? Unawadanganya watoto wa watu.”

“Wacha nikwambie, nyabo,” akajibu, hilo nyabo likiwa heshima ya kwao kwa mwanamke. “Hao hawakuja kusikia habari za redio. Walikuja kuchukua simba. Nimewapa simba wao, wameondoka, na mimi nimebaki na redio zangu.”

“Mimi simba sina,” Mama akasema. “Nina zipu.”

Juma lililofuata nikaugua matubwitubwi. Mashavu yalivimba mpaka Baba akawa ananiita Bi Maandazi, nikafungiwa ndani, shule sikuiona. Na ndipo maajabu yakaanza. Jioni Mama alirudi amebeba mfuko mkubwa wa nguo za watoto. Kesho yake miwili. Watoto wa darasa langu, akasema, wanapita dukani wakitoka shule, wanaingia wamefura kwa baridi, wanamkabidhi mfuko. “Nawauliza, mnazitaka lini? Wanasema, haina haraka. Watoto wenye adabu hao! Nimekwambia, Baba Zuhura, bango halijatundikwa bado na watu wameshaanza kuleta kazi.”

Hatukuwa na sababu ya kushuku kitu. Zilikuwa nguo zenye kuhitaji fundi kweli: jaketi za zipu zilizong’oka, suruali zilizotoboka magotini, sweta zilizofumuka viwiko, ovaroli nene za theluji zilizochanika mapajani kwa kuteleza vilimani. Na kila moja shingoni ilishonewa kipande cha utepe chenye jina la mtoto, kama mama wa Kiswidi wanavyofanya nguo zisipotee shuleni. Kwa Mama utepe ule ulimaliza maneno yote. Kule barazani kwa mjomba wake, mtu alimtuma mtoto na nguo, fundi aliitazama, tundu lenyewe likamwambia linataka nini, na bei ilizungumzwa siku ya kuchukua, kwa kelele na kahawa. Anayeacha nguo kwa fundi bila kusema neno anamwamini. Mama aliyaona yale majina akaona wateja wamejiandikisha wenyewe.

Nyumba yetu haijapata kuwa na furaha kama juma lile. Mama aliazima nyuzi, akanunua zipu za rangi zote, akaleta kazi nyingine nyumbani. Baba alivalishwa subana kidoleni akapewa vifungo. Alivishona kwa nguvu kama anayefunga boliti, na Mama alimcheka hadi akashika mbavu. Mimi na mashavu yangu nilikaa juu ya kitanda nikifumua mishono ya zamani kwa kisu kidogo, nikisoma majina: Lasse, Pia, Jonas, Annika. Pasi ilipita juu ya sufi mbichi, nyumba ikajaa ile harufu. Mama aliimba. Alikuwa anashona kwa namna ambayo sijamwona akishonea hata watu wa harusi. Viraka vya magotini alivikata vikawa na umbo la jani, makusudi, mtoto avipende. Akasema, “Waone kazi. Wakiona kazi moja wataleta kumi.”

Siku ambayo Fröken alilileta darasa zima kutembelea biashara zetu mbili, nilikuwa nimepona. Tulianzia kwa Bwana Kizito, aliyekuwa amevaa kanzu juu ya fulana ya baridi, akanguruma mara mbili, watoto wakapiga yowe la furaha. Kisha tukaja kwetu. Mama alikuwa amepiga dirisha maji, amevaa sketi yake nzuri, na ukutani pote, kwenye waya alioukaza Baba, zimening’inia nguo za darasa la tano, zimenyooka, kila moja imeelekeza jina lake mbele.

Watoto walizikodolea macho. Halafu Lasse akapaza sauti, “Jaketi yangu!” Akaichomoa, akaivaa, akapandisha zipu na kuishusha, akapandisha na kuishusha. “Inafanya kazi!” Pia akaona ovaroli yake. Jonas akayapapasa yale majani magotini. Kikawa kishindo, kila mtu anajitafuta ukutani, na Mama kasimama nyuma ya meza mikono kaikunja kifuani, uso unang’aa. Mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari kuliko nilivyovimba kwa matubwitubwi.

Fröken alikuwa amesimama mlangoni na hakuwa akitabasamu. Alikuwa ameshangaa. “Lakini watoto,” akasema taratibu, “hizi si tulizitoa?” Akamgeukia Mama, akamweleza kwa sauti ya chini na ya pole, kama watu wanavyowasemesha wagonjwa. Kwamba nguo zile zilikusanywa kwa ajili ya Afrika. Kwamba yeye ndiye aliyewaambia watoto wampelekee mama yake Zuhura, kwa kuwa mama yake Zuhura atajua namna ya kuwafikishia maskini wa kwao. Aliwaambia juma lile nililokuwa nimelala.

Nilimwona Mama akielewa. Hilo ndilo ninaloliona nikiisikia harufu ya pasi. Mikono ilishuka kifuani, ikatafuta meza. Akanitazama.

Na hapo, badala ya kuona haya, Fröken akafunguka uso kwa furaha. Lilikuwa limemjia wazo lake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. “Na wewe ukazishona zote!” akasema, mikono imeshika mashavu. “Kwa ajili ya watoto wa nchi yako! Watoto, mmeona moyo huo?” Machozi yakamlenga, wallahi sitii chumvi. Akaanza kupiga makofi. Darasa likapiga makofi. Lasse akavua jaketi yake polepole, kwa uchungu, akaitundika tena mahali pake.

Mama akasema, “Tack.” Yaani asante. Alisema asante!

Tulipofika nyumbani niliulipukia mlango, kiti, kila kitu. Mbona hukumwambia? Mama alikaa na koti lake mwilini. Baba akasema kesho yeye mwenyewe atakwenda shule aseme zile zilikuwa kazi, watu waje wachukue vyao walipe. Mama akakataa. “Walipe nini? Hawakuniagiza. Wametoa kwa ajili ya maskini, mbele ya watu, wakapigiwa makofi. Sasa ni amana iliyo mikononi mwangu. Nizirudishe nimewanyima maskini, niziuze nimekula haramu.” Akacheka kicheko kibaya. “Nimejishonea mtego, na zipu nimetia.”

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuweza kuziuza, hakuweza kuzirudisha, na zilijaza duka. Mwisho zikawa zinapelekwa Tanga kidogo kidogo na kila Mtanzania aliyekuwa anasafiri na nafasi kwenye sanduku. Za kawaida zilipata wa kuzivaa. Lakini ovaroli za theluji, Tanga! Mama mdogo alituletea salamu kwa mtu akiuliza, dada yake anaumwa au vipi? Baadaye tukaambiwa muuza barafu mmoja wa sokoni alizichukua, akawa anaivalisha barafu yake isiyeyuke. Ya Pia ndiyo iliyodumu zaidi. Baba alicheka juma zima. Mama hakucheka hata kidogo, maana alijua kila mshono ulioingia mle.

Lililobaki lilikuwa bango. Mimi na Annika tuliandika kama Mama alivyotufunza: zipu siku tatu, suruali siku hiyo hiyo, kazi isiyokupendeza inarudiwa bure. Fröken akalisoma, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu kabisa, kwa mwandiko wake mzuri wa duara: Mama wa Akalla anayewashonea maskini wa Afrika.

“Fröken,” nikasema, “hiyo siyo kazi yake. Yeye hulipwa.”

“Anaweza kufanya yote mawili, mpenzi wangu. Usione aibu kwa wema wa mama yako.”

“Lakini watu hawatajua kwamba analipwa.”

“Bei si jambo la kuandika kwenye bango zuri kama hili,” akasema, akanipapasa kichwani. Nywele zangu zilipapaswa sana miaka ile. Nilirudi kwenye dawati langu nikavunja penseli ya watu vipande vipande.

Bango likatundikwa, na hapa ndipo wenzangu huniambia, basi si mlishinda? Maana watu walikuja. Walikuja kwelikweli! Walileta mifuko ya nguo chakavu wakaiacha mlangoni usiku, Mama akaikuta asubuhi imefunikwa na theluji. Wengine walileta kazi halisi, suruali ya kupunguza, koti la kutia kifungo, lakini walipokuja kuchukua hawakuitazama kazi. Hawakugeuza pindo, hawakujaribu mbele ya kioo. Walisema, ni nzuri, ni nzuri, na badala ya kutazama bei ukutani walitia sarafu au noti kwenye chupa aliyokuwa akiwekea vifungo, wakasema, hiyo ni ya watoto.

“Watoto gani?” Mama aliwauliza mwanzoni. “Mimi nina mmoja, na ameshiba.” Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Akibandika bei kubwa zaidi, wanatia zaidi kwenye chupa. Akiwaita kuwarudishia chenji wanakataa kwa mikono miwili. Jioni alikaa akichambua sarafu katikati ya vifungo, ametahayari kama aliyekamatwa akiiba. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona pesa si zinaingia, sasa anakasirikia nini? Nilimuuliza. Akaniambia, “Mwanangu, nimeshona miaka ishirini. Hapa sijashona hata siku moja. Hapa nimekaa tu, napewa.”

Kisha, mwishoni mwa baridi, akatokea Bwana Nyberg. Alikuwa mzee aliyestaafu udereva wa tramu, mrefu, mwenye nyusi kama brashi za viatu, na mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kuhusu maktaba hakujua kitu, au alijua na hakujali. Aliingia na suruali, akataka ipunguzwe, akatazama bei ukutani akasema ni ghali. Mama akamwambia aende kwingine. Akasema kwingine ni mbali. Siku aliyokuja kuichukua nilikuwepo, nafanya kazi za shule pembeni. Akaivaa, akasimama mbele ya kioo, akainamisha kichwa, akanguruma kwa sauti ambayo ingemwaibisha Bwana Kizito: “Mguu wa kushoto ni mrefu! Unanifunika kisigino! Hii ndiyo kazi?”

Mama akapiga magoti na chaki. “Mguu si mrefu. Wewe unasimama vibaya. Simama sawa!”

“Nimesimama hivi miaka sabini!”

“Basi ungeniambia siku ile nilipokupima! Siku ile ulisimama kama askari!”

Walipigana kwa maneno mpaka mwuza maua akachungulia. Mama alifumua pindo palepale, akalirudia, Bwana Nyberg amekaa na koti limemfunika magoti, analalamika kuhusu upepo unaopenya mlangoni. Alipovaa tena alijitazama muda mrefu, upande huu, upande ule. Akasema, “Hm.” Akalipa sawasawa na ukutani, akanyoosha kiganja akidai chenji yake, akaihesabu, akaondoka bila asante.

Nilifunga daftari kwa kishindo. Nikamuuliza Mama kwa nini amemruhusu mzee jeuri kama yule kumpigia kelele, mbona hamfukuzi. Mama alikuwa anaimba. Alinitazama kama nimepungukiwa akili. “Nimfukuze mteja wangu? Una wazimu wewe?” Na usiku ule tulikula pilau, siku ya Jumanne, bila sababu.

Bwana Nyberg alirudi na koti, akarudi na suruali nyingine, na kila mara hakuna kilichomridhisha. Mimi nilimchukia. Nilimwona kuwa ndiye Mswidi mbaya na Fröken ndiye Mswidi mwema, akili yangu ya miaka kumi ilifika hapo ikakwama.

Mteja mmoja halipi kodi ya chumba. Majira ya kuchipua yalipofika, wenye jengo walikuja, mwanamume na mwanamke, wakaona mifuko ya nguo kuukuu, wakaona chupa. Walisema wameguswa sana na huduma yake. Ila chumba kile ni cha biashara, na kwa kazi ya kusaidia watu kama hii wangempa chumba kingine, chini kwenye ghala, bure kabisa. Walidhani wanampa zawadi. Mama alitoa funguo kwenye mkoba akaziweka mezani mbele yao. Majira ya joto hayajaisha alikuwa amerudi kwenye korido za hospitali.

Siku tuliyokuwa tunafunga vitu, Bwana Nyberg akaja na suruali ya kiangazi begani. Alipoambiwa duka linafungwa, aligeuka mwekundu mpaka masikioni. “Na suruali yangu nani ataifanya?” akafoka, kana kwamba Mama alikuwa amemwibia. “Ulisema kazi isiyopendeza unairudia! Hii ya juzi bado hainipendezi!” Mama naye akamjibu kwa kelele, akamwamuru apande juu ya sanduku, akaitafuta chaki kwenye vitu vilivyokwisha kufungwa. Alimpima akiwa anamgombeza, pini mdomoni, na machozi yanamtiririka. Nilidhani yule mzee amemliza. Nilitaka kumpiga teke kwenye ule mguu mfupi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilifungua karakana yangu ya kutengeneza meno ya bandia, Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm. Mwanzoni kila daktari aliyeniletea kazi alinisifia kabla hajaitazama. Walisema inapendeza kuona mtu kama mimi amefika hapa. Nilisema tack, nikaenda nyumbani nimenuna nisijue kwa nini. Halafu asubuhi moja akaingia mama mmoja, meno yake mkononi amefunga kwenye kitambaa, akayabwaga mezani. Yanabana, akasema, yana urefu wa farasi, mkate hautafuniki, na kama sijui kazi nimwambie apeleke kwingine. Msaidizi wangu alianza kumwomba radhi. Mimi nilikaa chini, nikayashika yale meno, nikamwambia aketi, afungue kinywa.

Alipoondoka nilimpigia simu Mama. Alikuwa ameshastaafu hospitali, macho yamepungua nguvu, lakini sauti ni ile ile.

“Mama,” nikamwambia, “leo nimegombezwa na mteja.”

Akauliza, “Kwa ajili ya kazi yako?”

“Kwa ajili ya kazi yangu.”

“Alhamdulillahi,” akasema Mama.